Kijiko cha Askofu

Nyumbani kwa Bibi Petra, kisiwani Skarvøya, jua huaga tarehe ishirini na mbili Novemba na halirudi mpaka tarehe sita Februari. Wenzao wa upande wa pili wa kisiwa hulipata wiki mbili mapema, kwa kuwa hawana mlima mbele ya macho yao, na hawachoki kuwakumbusha watu wa upande huu. Siku zote hizo za katikati, adhuhuri huingia usamawati kidogo angani, mtu akaona njia ya kwenda kwenye banda la kuni na kurudi, kisha giza linafunika tena. Watu wa pale hawalalamiki. Huwasha taa dirishani, hunywa kahawa nyingi, na kila asubuhi humeza kijiko kimoja cha mafuta ya ini la samaki, maana mwili usioona jua lazima utafutiwe vitamini D yake mahali pengine, na samaki ndiye aliyejaliwa kuiweka akiba.

Oddny hakuwa akimeza.

Tusimdhanie kwamba alishindwa na ladha. Kwao kusini, Grimstad, kunakolimwa stroberi, mama yake pia alikuwa na chupa hiyo hiyo, na alimnywesha tangu meno ya utotoni. Alikuja Skarvøya akiwa na miaka ishirini na minne kufanya kazi msimu mmoja tu katika kiwanda cha samaki, akusanye nauli, aende zake kuona dunia. Akakutana na Torleif, fundi wa injini za boti, mtu mpole mwenye mikono inayonuka dizeli, na dunia ikaishia hapo. Asubuhi ya pili baada ya harusi, kabla bibi arusi hajamaliza kusugua macho, mama mkwe alimsimamia mezani na chupa mkono huu na kijiko mkono ule.

"Fungua mdomo," Bibi Petra alimwambia. "Anayekunywa kijiko hiki ni wa nyumba hii."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule hawana jembe, wana kijiko. Oddny alifungua mdomo, akayapokea mafuta, na wakati yakitulia chini ya ulimi akajiambia kwamba akiyameza amekwisha. Akainuka, akasema anakwenda kuleta kuni, na katika kibanda cha mbele ambamo watu huvulia buti akayatema kwenye kisahani cha paka. Paka, aliyeitwa Askofu kwa sababu ya ukosi mweupe shingoni, aliramba mpaka kisahani kikang'aa.

Hivyo ndivyo lilivyoanza jambo lililochukua miaka thelathini na mitano.

Ukitaka kujua mtu anavyoweza kuwa mkaidi, hesabu asubuhi za majira ya baridi kwa miaka yote hiyo. Kila siku kijiko, kila siku mdomo uliofumbwa, kila siku safari ya kuni. Kisiwani ilijulikana kwamba mke wa Torleif hasemi neno asubuhi mpaka alete kuni, na wapo waume waliomwonea Torleif wivu kwa hilo. Ilijulikana pia kwamba paka wa nyumba ile wana manyoya ambayo hata sili wa baharini hana. Askofu wa kwanza alikufa mnene kama mto wa kulalia. Akaja wa pili, wa tatu, na huyu wa sasa ni wa nne, na watu bado huvuka kisiwa kuomba vitoto vyake. Bibi Petra huwapa bila kutaja siri ya malezi.

Kila kitu kingine Oddny alikitoa. Alimzaa binti, Synnøve, akamlea, akamwona akipanda meli kwenda kusini kusoma na asirudi. Alikata minofu ya samaki mpaka kiwanda kikafungwa. Alijifunza kutukana kwa mapenzi kama watu wa huko, ingawa Bibi Petra aliendelea kumwita Mkusini, mbele ya watu na faragha. Kijiko tu ndicho alichojibakizia. Alijihesabu mgeni anayengoja boti.

Torleif alipofariki miaka minne iliyopita, akiwa amesimama kwenye foleni ya duka na mkate mkononi, kila mtu alidhani Oddny ataondoka. Naye alidhani hivyo. Lakini Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, majira ya baridi yalikuwa mlangoni, na nani amwache ajuza peke yake gizani? Mwaka uliofuata ilikuwa paa linavuja. Mwaka wa tatu ilikuwa macho ya Bibi. Kila kiangazi Oddny alisema atakwenda vuli, na kila vuli alisema atakwenda jua likirudi. Alizoea kusimama dirishani adhuhuri, wakati wa ule usamawati, akiutazama mlima kama mtu anavyomtazama mlinzi wa gereza anayemjua kwa jina.

Krismasi hii alisema. Walikuwa wanakula samaki na viazi, na Oddny kama kawaida alikuwa amelisukuma ini pembeni ya sahani. Akamwambia Bibi kwamba amekata tikiti ya meli ya tarehe ishirini Februari, kwamba Synnøve amemtengea chumba, na kwamba safari hii hakuna paa wala macho. Bibi Petra alitafuna kwa utulivu, akateremsha kwa bia ya Krismasi, akajibu kwamba akienda gatini avae viatu vya meno ya chuma, kuna barafu. Basi. Miaka thelathini na mitano, na hilo ndilo lililokuwa neno lake.

Tarehe kumi na mbili Januari Oddny alitoka na ndoo ya majivu kuyamwaga kwenye barafu ya uani ili Bibi asiteleze. Viatu vya meno alivisahau kibandani. Hakuanguka vibaya, mtoto angeinuka akicheka. Yeye alisikia kitu kikilia ndani ya nyonga, akajikuta amelala chali anatazama nyota saa mbili ya asubuhi, majivu yamemjaa usoni. Askofu alikuja akamnusa mdomo, kwa maana ndiyo saa yake.

Walimchukua kwa helikopta. Hospitalini bara wakamtia chuma na misumari minne, wakamfundisha kutembea na magongo, na baada ya siku kumi wakamwuliza anakwenda wapi. Synnøve alilia kwenye simu. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya nne na haina lifti, na daktari alikuwa amesema ngazi zisahauliwe mpaka mfupa uunge. Oddny akarudishwa Skarvøya kwa boti ya wagonjwa, akabebwa mpaka jikoni, akalazwa kwenye kitanda kilichowekwa karibu na jiko la kuni. Tikiti ya tarehe ishirini ilibaki imebandikwa ubaoni kwa sumaku, mkabala na macho yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Sasa mtazame Bibi Petra. Miaka themanini na minane, mgongo umenyooka, anabeba kuni mwenyewe, anapika, anaimba zaburi kwa sauti ya kuudhi. Anamwogesha mkwewe uso kwa kitambaa cha moto. Tangu Torleif azikwe hakuwa ameonekana na uhai namna ile. Oddny, aliyelala pale kama gunia, alimtazama na roho ikamgeuka. Alimwona mwanamke aliyepata alichoomba. Alianza kumchukia, namna mtu anavyomchukia anayemfanyia mema asiyoweza kuyakataa, na aliona haya kwa chuki hiyo, na haya ikaiongeza chuki.

Na kijiko nacho kiliendelea. Asubuhi Bibi alikuja nacho kitandani. Oddny aliyapokea mafuta, lakini sasa hakukuwa na kuni za kwenda kuleta. Aliyatema kwenye kikombe alichoficha chini ya blanketi, na Askofu, ambaye hana aibu, alipanda kitandani akakifuata humo humo.

Wiki moja ikapita ndipo alipokuja Ann-Mari, muuguzi wa kisiwa, mwanamke mchangamfu mwenye mkoba mkubwa na viatu vya meno asivyovivua hata ndani, jambo lililomkera Bibi kwa ajili ya sakafu. Alikuwa na majibu ya damu kutoka hospitali. Aliketi, akapewa kahawa, akavaa miwani, akayasoma. Akasema vitamini D ya Oddny ni kumi na saba, nayo ilitakiwa izidi hamsini. Mifupa ilikuwa imekonda kwa kukosa cha kuishikiza. Ndiyo maana anguko la kitoto limevunja nyonga.

"Sielewi," Ann-Mari alisema. "Nyumba hii ndiyo ninayowatolea wengine mfano. Mafuta unakunywa, Oddny?"

"Nakunywa," alisema Oddny.

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Bibi Petra alikuwa anakoroga sufuria. Hakugeuka.

Ann-Mari akavua miwani. Akaeleza kwa upole kwamba kama ni hivyo, basi kuna tatizo kubwa zaidi. Mtu anayemeza kijiko cha mafuta kila siku na damu yake bado ni kavu, huenda utumbo wake haufyonzi chakula. Itabidi arudi hospitali, wampitishe mpira kooni watazame tumbo, wamzuie wiki mbili au tatu wakitafuta. Na kabla halijajulikana tatizo, kuunga kwa mfupa nako kutakuwa kwa kubahatisha. Safari ya kusini asiifikirie mwaka huu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alificha afya. Oddny alitazama tikiti ubaoni. Akisema kweli, miaka yote thelathini na mitano inamwagika mezani mbele ya yule yule aliyeshika kijiko. Akinyamaza, anarudi kwenye boti ya wagonjwa kutafutiwa ugonjwa asio nao.

"Utumbo wake mzima," Bibi Petra alisema, bado ameielekea sufuria. "Hajameza hata kijiko kimoja tangu aolewe. Kama humwamini ajuza, mpime damu Askofu."

Paka alikuwa kitandani, amejikunja juu ya kikombe.

Ann-Mari aliwatazama hao wawili na yule wa tatu, akauma mdomo ili asicheke, akashindwa. Alipotulia alisema hakuna haja ya hospitali wala mpira wa kooni. Vidonge vya dukani vipo, mafuta yapo, chochote kati ya hivyo kinafaa ilimradi kimezwe. Bibi alisema vidonge ni vya watu wasio na samaki. Muuguzi akakubali mafuta, ila akatoa sharti moja: kijiko kila siku, bila kukosa, mpaka Juni. Akifuata hilo na mazoezi, mwishoni mwa Aprili atapanda ngazi.

"Mpaka Februari," Bibi alimsahihisha. "Jua likifika, chupa inafungwa."

Hapo Ann-Mari aligusa pasipogusika. Katika nyumba ile, ukutani juu ya jiko, kuna msumari aliougongomelea baba yake Bibi Petra. Tarehe sita Februari, hali ya hewa ikiruhusu, mwali wa kwanza wa jua hupita kwenye pengo la mlima na kuugusa msumari huo kwa dakika nne. Siku hiyo watu hula maandazi yenye jemu, chupa ya mafuta inazibwa mbele ya wote, inawekwa kabatini, na haifunguliwi tena mpaka Septemba. Kuendelea kunywa baada ya hapo ni kulitukana jua lililojitaabisha kuja. Muuguzi alisema, kwa heshima yote, kwamba jua la Februari ni la macho tu. Linapita chini mno, haliipi ngozi kitu mpaka Aprili iishe. Bibi Petra alimwambia kahawa imekwisha, na kwamba kuna matone ya maji sakafuni kutoka kwenye viatu vyake.

Walipobaki wawili, Bibi aliongeza kuni kwenye jiko. Oddny aliuliza amejua tangu lini. Bibi alijibu kwamba amejua tangu Askofu wa kwanza, kwani kuna paka gani duniani anayengoja mtu mlangoni saa mbili kamili, mdomo wazi.

"Na hukusema, Bibi?"

"Niseme nini? Torleif alikuwa na raha. Wewe ulikuwa na siri. Nikaona ukikosa ya kutema mafuta utatafuta nyingine ya kutukimbia."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi, akarudi kwenye sufuria yake. Oddny aligeukia ukuta. Kitu alichokiita uhuru wake, alichokilinda mpaka mifupa ikaliwa, kumbe kilikuwa ni kipande alichokatiwa, apoze moyo abaki. Alilia bila sauti, na huyo Askofu alimkanyaga kanyaga mbavu akidai haki yake.

Asubuhi iliyofuata alimeza. Yalishuka kama yalivyokuwa yakishuka Grimstad, mazito, yakaacha harufu ya bandari kooni. Asubuhi ya pili akameza, na ya tatu. Aliyahesabu mafuta kama mfungwa anavyohesabu siku, kila kijiko ni ngazi moja ya nyumba ya Synnøve. Kulikuwa na ngazi sitini na nne. Na kila jioni alikumbuka kwamba zimebaki siku chache kabla ya jua kuugusa ule msumari.

Tarehe sita Februari ilikucha bila wingu. Majirani wanane walikuja na maandazi yao, jemu ikawachuruzika vidoleni. Saa sita kasoro dakika tano wote waligeukia ukuta. Mwali ukaingia, mwembamba, mwekundu kidogo, ukapanda bomba la jiko, ukaugusa msumari. Watu wazima walishangilia kwa sauti ya chini, mmoja akajifuta macho. Oddny alinyoosha mkono kutoka kitandani, mwali ukapita juu ya kiganja chake, na hakusikia joto lolote.

Bibi Petra akaichukua chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

"Bibi," Oddny alisema, mbele ya wote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kitu tangu aolewe. "Muuguzi alisema mpaka Juni."

"Jua limefika," alisema Bibi Petra. Akaiziba chupa kwa kiganja, akapiga kizibo mara mbili kama alivyofanya baba yake, akaiweka kabati la juu, na dakika nne zilipokwisha ukuta ukarudi kuwa ukuta.

Majirani walipoondoka Oddny alilitazama lile kabati. Kwa mtu mwenye nyonga nzima ni hatua tano na kunyoosha mkono. Kwake ilikuwa mbali kama kusini. Angeweza kumpigia Ann-Mari aletewe vidonge, na alijua hivyo, lakini si vidonge vilivyomuuma. Alikuwa amemsikia ajuza akimjibu mbele ya watu: utabaki.

Asubuhi aliamshwa na kelele ya kiti kikiburutwa. Bibi Petra alikuwa amepanda juu yake, miaka themanini na minane, soksi za sufu miguuni, ameshika kabati kwa mkono mmoja. Oddny alitaka kumpigia kelele akaogopa kumshtua. Yule mzee alishuka kidogo kidogo, chupa kwapani, akakaa kitako kwenye kiti kupumua. Halafu akakitoa kizibo, kikalia. Oddny alikuwa ameishi humo miaka thelathini na mitano, na hakuwahi kuisikia sauti ile mwezi wa Februari baada ya maandazi.

Bibi alikuja kitandani. Kijiko kilikuwa kimejaa pomoni, mafuta yakadondokea blanketi.

"Ukipona utaondoka," alisema.

"Nitaondoka, Bibi."

"Basi fungua mdomo."

Oddny alifungua, akameza, akafungua tena kumwonyesha kuwa mdomo ni mtupu. Bibi alichungulia kwa makini, kwa macho yale yale yaliyomchelewesha mwaka wa tatu, akatikisa kichwa kukubali. Hakuifunga chupa. Alijaza kijiko tena, akatembea nacho taratibu mpaka kibandani, na Oddny alimsikia akikimimina kwenye kisahani. Askofu alikaa kitandani akimtazama Oddny, akingoja. Bibi alimwita mara ya kwanza, hakuenda. Akamwita mara ya pili.

"Msukume ashuke," alisema kutoka mlangoni. "Lazima auzoee mkono wangu."